Maswali Yenu: "Mama, kazi yako hasa ni ipi?"

Shikamoo mama. Nimeanza kukuona kwenye runinga tangu niko darasa la tatu, ukicheza yule mama mkwe mkorofi. Mwaka jana nikasikia sauti yako inatoka kinywani mwa mama wa Kituruki kwenye tamthilia. Mwezi uliopita nimekwenda harusi ya binamu yangu Tabata, MC ni wewe. Asubuhi redioni unatangaza sabuni. Naomba kuuliza kwa heshima, kazi yako hasa ni ipi? *(Msomaji, Ukonga, Dar es Salaam)*

Marahaba mwanangu. Kazi yangu ni moja. Mimi ni msanii wa jukwaani, na hayo uliyoyataja yote ni majukwaa. Lakini swali lako lina mzizi, na wasomaji wengi wamekuwa wakiniuliza vilevile kwa maneno mengine, kwa hiyo niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Niliingia kwenye sanaa katikati ya miaka ya 80, binti mdogo, kupitia kikundi cha shirika moja la umma. Kijana wa leo anasikia "kikundi" anafikiria watu waliokutana wakaamua kuigiza. Wakati ule haikuwa hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vikundi vya utamaduni vilienea mashuleni, viwandani, jeshini na kwenye mashirika. JKT walikuwa na chao, Polisi na Magereza vilevile, Bima walikuwa nacho, Dar es Salaam kulikuwa na DDC Kibisa. Vya binafsi navyo vilikuwepo, na Muungano ya Norbert Chenga ilijaza kumbi kwa miaka mingi. Sisi wa mashirika tulikuwa waajiriwa. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mhudumu wa ofisi. Asubuhi nilipeleka mafaili na chai, baada ya saa nane nilikuwa uwanjani na wenzangu tunafanya mazoezi, na mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa unaingia.

Sasa sikiliza onyesho lenyewe lilivyokuwa. Jumapili alasiri, kwenye baa yenye uwanja wa wazi au ukumbi wa jamii, watu wameshakaa na vinywaji vyao. Tunafungua na ngoma: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na majembe yake, lizombe ya Wangoni. Zinafuata sarakasi, kisha mazingaombwe, kwaya, kichekesho, taarab, na mwisho kabisa igizo refu ambalo watu wamelisubiri toka mchana. Wasanii walikuwa walewale mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa unatoka kwenye sindimba jasho linakuchuruzika, unapita nyuma ya pazia la khanga mbili zilizofungwa kwenye kamba, mwenzako anakufuta uso, unavaa baibui, unarudi ukiwa mke mdogo wa mzee mwenye wivu. Aliyekuwa anapiga ngoma dakika tano zilizopita sasa ndiye huyo mzee, koti la kuazima linamfika magotini, usoni amejipaka masizi na unga. Ukishindwa kuimba unafundishwa kuimba. Ukiogopa kupanda juu ya mabega ya mwenzio kwenye sarakasi, unapandishwa hivyo hivyo. Mwalimu wetu hakumruhusu mtu aseme "mimi ni wa ngoma tu."

Kichekesho chenyewe hakikuandikwa. Tulikaa chini ya mwembe, tukakubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, mengine yote yalizaliwa mbele ya watu. Mtu wa baa hakununua tiketi ili akusikilize kwa adabu. Amekuja kunywa na marafiki zake. Usipomkamata katika sentensi ya kwanza na ya pili, anageuza kiti. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma watu. Unaona kona ile wamechoka, unapeleka mzaha huko. Unaona mama mmoja amecheka mpaka ameshika tumbo, basi unarudia jambo lile kwa namna nyingine na ukumbi mzima unamfuata yeye. Wakati mwingine mtu anapanda kukutunza, anakubandika noti kwenye paji la uso katikati ya sentensi, na wewe lazima uipokee noti, umshukuru, na usitoke nje ya mama unayemcheza.

Miaka ya 90 mashirika yakaanza kuuzwa na mengine kufungwa, na vikundi vyake vikafa navyo. Hakuna mwekezaji aliyenunua kiwanda akataka kubaki na wapiga ngoma. Waliobaki ni wale walioweza kusimama wenyewe au waliokuwa na mgongo wa kuegemea, kama TOT, kikundi cha Kapteni John Komba kilichokuwa na CCM nyuma yake, kilichoanzishwa 1992. Wengi wetu tulirudi mitaani na vipaji vyetu. Kisha 1994 televisheni za binafsi zikaanza Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 70. Sisi huku tulisubiri. ITV na wenzao walipofungua milango walihitaji watu wanaojua kuigiza kwa Kiswahili, na watu hao walikuwa tayari wanazurura na njaa. Ukiangalia michezo ya kuigiza ya mwanzo, hasa wale wazee na akina mama wa makamo, utamtambua mtu wa jukwaa kwa namna anavyosimama.

Kamera ilitudai kitu tofauti. Jukwaani unaitupa sauti imfikie aliyekaa mwisho, karibu na jiko la nyama choma. Kwenye studio kipaza sauti kiko juu ya kichwa chako, mtazamaji wako yuko karibu kama mtu mnayekula naye sahani moja. Jicho likipepesa anaona. Mwongozaji wangu wa kwanza alikuwa kijana mdogo kwangu kwa miaka mingi, aliniita "mama" kwa adabu zote, akaniambia nifanye kila nilichokuwa nafanya, ila nikifanyie ndani na nimwachie macho tu. Nilikaa na neno lile wiki nzima nikijitazama kwenye kioo cha kabati. Ukorofi wa yule mama mkwe unayemkumbuka ulitoka huko. Hakuwa anapiga kelele, unakumbuka? Alikuwa ananyamaza, anamtazama mkaza mwanawe toka kichwani mpaka miguuni, kisha anarekebisha khanga.

Umaarufu ulikuja haraka, hela hazikuja nao. Kikundi kilikuwa kinaleta mchezo, kituo kinatoa muda wa hewani, na mgawo wa msanii ukifika mkononi unatosha nauli na sabuni. Ndiyo maana tukaingia kwenye filamu zilipoanza kuuzwa kwa kanda na baadaye DVD, ndiyo maana tukashika vipaza sauti kwenye harusi. Kwenye ile harusi ya Tabata uliona umeme ulivyokatika maharusi wakiwa mlangoni? Jenereta lilikuwa bado halijawashwa, muziki umekufa, watu wameanza kuwasha tochi za simu na kunung'unika. Nilianza kupiga makofi kwa mdundo wa ngoma tuliyoicheza miaka thelathini na kitu iliyopita, mashangazi wa upande wa bibi harusi wakaudaka, vigelegele vikafuata, na maharusi wakaingia ukumbini kwa makofi ya watu badala ya spika. DJ aliporudishiwa umeme ilibidi asubiri. Hiyo ni kazi ileile ya baa ya Jumapili, mwanangu. Sijawahi kuibadilisha.

Mama, mimi ni wa Tanga na najivunia Mzee Majuto. Vijana wenzangu wanamjua kwa vipande vifupi kwenye simu, wanadhani alizaliwa na video. Tafadhali waelimishe. Pia ni kweli alidhulumiwa? *(Msomaji, Ngamiani, Tanga)*

Una haki ya kujivunia. Mzee Majuto, mchekeshaji wetu ambaye jina lake halisi ni Amri Athumani, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza akiwa bado mtoto. Hesabu mwenyewe: televisheni ilipofika Bara mwaka 1994 alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, amekwisha kumaliza maisha mazima ya sanaa ya jukwaani ambayo hayakurekodiwa popote. Alichokileta kwenye video kilikuwa kimekomaa. Muda wake wa kutua kwenye mzaha, namna anavyomwachia mwenzake aseme kisha anamkata kwa neno moja, ile lafudhi ya pwani asiyojaribu kuificha, vyote vilipikwa mbele ya watu hai. Akaingia kwenye kanda, kisha DVD, kisha matangazo ya biashara, kisha simu za wajukuu wenu, na popote alipokwenda alibaki Majuto yuleyule. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akarudishwa Tanga kuzikwa.

Nataka vijana wamwangalie kwa jicho la ufundi. Chukueni kipande chochote cha Mzee Majuto, zimeni sauti, mtazame mwili tu. Mabega yanachekesha peke yake. Kisha zimeni picha, sikilizeni sauti tu. Nayo inachekesha peke yake. Nimekutana na wasanii wachache sana wanaoweza kupita mitihani hiyo miwili. Marehemu Said Ngamba, Mzee Small, aliyetutoka Juni 2014, alikuwa mwingine. Hawa wazee walitoka kwenye malezi mamoja, ya kuchekesha watu waliokaa mbele yako na ambao wana uhuru wa kuondoka.

Kuhusu dhuluma, nitasema lililokuwa hadharani. Mwaka huohuo wa 2018, Mzee akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilizungumzwa nchi nzima, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Kwangu mimi lile lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wa kawaida walijadili tangazo kwamba ni kazi yenye masharti, na si zawadi aliyopewa msanii kwa kuwa anapendwa.

Niwaeleze ninyi wasomaji linavyokuwa. Mwenzangu mmoja aliitwa na kampuni fulani arekodi tangazo. Siku moja, studio nzuri, chakula kizuri, bahasha mkononi jioni. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Haukutaja tangazo litatumika muda gani, wala wapi. Likaenda redioni, kisha televisheni, kisha uso wake ukapandishwa kwenye mabango ya barabarani, na miaka ikapita lingali linapigwa. Kampuni nyingine ya bidhaa za aina hiyohiyo ilipomtaka, wakasoma ule mkataba wakakuta kipengele kinachomkataza kufanya kazi na mshindani, nacho pia hakina mwisho. Yaani bahasha ile moja ilimfunga mdomo. Leo akiniletea kijana mkataba wa tangazo, kabla ya kutazama kiasi natazama muda, kisha maeneo, kisha vyombo litakamorushwa, maana mtandaoni ni chombo chake na lazima kitajwe, kisha katazo la mshindani na tarehe litakapokwisha, na malipo ya kuongeza muda wakilitaka tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na mwigizaji ametajwa mle kuwa ana haki katika onyesho lake. Sheria haiwezi kukusaidia sana kama wewe mwenyewe umetia saini kuiacha haki hiyo. Na mkataba ukiwa wa Kiingereza usichokielewa, una haki ya kusema "naomba siku mbili nikausomeshe." Anayekuambia nafasi itapotea kwa siku mbili, mwache nayo.

Habari za kazi mama. Nasoma hapa Mwanza na napenda kuingiza sauti kwenye tamthilia za nje. Watu wanasema ni kusoma tu karatasi. Ni kweli? *(Msomaji, Nyegezi)*

Nzuri mwanangu. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kile kibanda.

Kazi hii imekua mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyozungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na watu waliizungumzia kwenye daladala na sokoni. Baadaye zikaja za Kituruki na nyingine, na leo kuna wasanii wanaolea familia kwa kazi hii peke yake bila uso wao kujulikana.

Unakaa mbele ya runinga, masikioni unasikia sauti ya asili, mbele yako kuna skripti iliyokwisha kutafsiriwa na kupimwa. Shida ya kwanza ni urefu. Kiswahili chetu kina silabi nyingi, na mwigizaji wa Kichina anamaliza sentensi wewe uko nusu. Mfasiri mzuri anakata maneno kabla hayajakufikia, lakini mara nyingi unabaki na silabi mbili tatu za ziada na lazima uzipitishe haraka bila kusikika kama unakimbizwa. Shida ya pili watu hawaijui kabisa. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo mdomo wetu humalizia ukiwa wazi. Mwigizaji wa Kituruki mara nyingine anamaliza neno midomo imefungwa. Wewe ukiendelea na ile "a" yako ya mwisho, mtazamaji anaona midomo imefumba na sauti bado inatoka, na hata kama hajui kilichomkera, anajua kuna kitu si sawa. Kwa hiyo unaanza mapema kidogo na kuimaliza ile irabu kabla midomo haijakutana, au unaiacha ife na pumzi. Ukiweza hilo bila kuharibu maana ya hasira au huzuni iliyopo usoni pake, umeiva.

Halafu kuna pumzi. Mimi kabla ya kusema neno lolote naiangalia tamthilia bila karatasi, namfuata mtu wangu anavyovuta pumzi. Mtu anayekaribia kulia huvuta pumzi kwa vipande. Anayedanganya huizuia. Nikishika pumzi yake, maneno yanakaa yenyewe. Na jiandae kuwa watu wengi kwa siku moja. Kwenye sehemu moja ninaweza kuwa bibi wa nyumba kubwa, kisha mpishi, kisha jirani mbeya, na msikilizaji asijue ni koo moja. Hilo nililipata kwenye vichekesho, tulipokuwa watu wanne kwenye igizo la watu kumi.

Anza nyumbani. Chukua taarifa ya habari ya lugha usiyoijua, izime sauti, tunga maneno yako yakae kwenye midomo ya mtangazaji. Jirekodi kwa simu. Sikiliza kesho yake, si palepale.

Mama naomba unitoe tongotongo. Masanja Mkandamizaji alituchekesha weee, leo anahubiri na kuimba injili, tena analima mpunga. Msanii wa vichekesho kusimama madhabahuni si kuchanganya mambo? Watu watamwamini vipi? *(Msomaji, Iringa)*

Mimi sioni mchanganyiko. Masanja, yaani Emmanuel Mgaya, tulimjua kwenye kipindi cha Ze Comedy kule televisheni ya EATV, kisha TBC na Orijino Komedi, na kwa miaka yote ile alikuwa anafanya jambo ambalo mhubiri na mchekeshaji wanalihitaji kwa kiwango kimoja: kumsimamisha mtu aliyekuwa anapita. Mwito wa dini ni kati yake na Mungu wake, siingii huko. Ninachoweza kukuambia kwa upande wa kazi ni kwamba hakulikana jina. Bado ni Masanja, kanisani na shambani. Nampenda kwa hilo. Nimeona wasanii wakiokoka au wakipata cheo wanaanza kuona aibu ya vichekesho vilivyowalisha, kana kwamba kumfanya mtu aliyechoka acheke jioni ilikuwa dhambi.

Na shamba, ndugu yangu, ni hekima tupu. Msanii hana mshahara wa tarehe ishirini na tano. Wenye akili katika kazi yetu wote wana pembeni pa kushika: mwingine ng'ombe, mwingine duka la vitenge, mwingine mpunga.

Shikamoo dada. Kila mwaka naona waigizaji wa zamani wakichangiwa matibabu. Hela zao huenda wapi? Mnatuumiza roho sisi tuliowapenda. *(Msomaji, Kigogo)*

Marahaba mdogo wangu. Swali hili limenikalisha kimya, kwa sababu nimezunguka na bakuli la mchango wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na waliochangiwa ni watu niliovaa nao nguo moja kwa zamu.

Hela nyingi hazikuwahi kuingia. Hilo watu hulisahau. Mnaona uso kila wiki, mnadhani kila wiki analipwa. Mchezo unarudiwa mara tano, yeye alilipwa siku moja. Filamu aliiuza jumla pamoja na haki zote, ikachapwa nakala na kuchapwa tena, yeye hana hata senti humo. Na umaarufu una gharama zake: kila msiba mtaani kwake anatazamiwa atoe zaidi ya jirani, kwenye daladala anaulizwa gari liko wapi, kwa hiyo anapanda bajaji ambayo hana hela yake.

Lingine ni kwamba sisi tuliotoka kwenye mashirika tulizoea kukatwa. Mwajiri alikukata akiba ya uzeeni bila kukuuliza, na mlipotawanyika hakuna aliyekukata tena. Wengi hatukujua kama mtu asiye na mwajiri anaweza kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwenyewe akajiandikisha na kuchangia kwa hiari. Inawezekana. Bima ya afya nayo inawezekana. Ninawasukuma wenzangu kila tunapokutana BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, au msibani: leo hii ukilipwa tangazo, kabla hujanunua simu, peleka fungu la uzee. Wengine wananiona nawachuria. Nitaendelea kuwaambia.

Na ninyi mliotupenda, changieni tukiugua, Mungu awabariki. Lakini tukiwa wazima pia mnaweza kutusaidia. Ukimtaka msanii kwenye sherehe yako, mlipe kabla hajashika kipaza sauti, na mkubaliane saa. Usimwambie "njoo tu utajitangaza." Mimi nimejitangaza kwa miaka yote hii, sasa nahitaji kula.

Mama, shikamoo. Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni anasomea uhasibu. Amekuwa akitengeneza video za kuchekesha kwa simu, watu wanamfuata wengi, sasa anasema anaacha chuo awe mchekeshaji wa televisheni. Baba yake amekasirika hamsemeshi. Nifanye nini? *(Mama wa watoto wanne, Kihonda, Morogoro)*

Marahaba mama mwenzangu, na pole. Kwanza ongea na mzee, kijana asiyesemeshwa nyumbani huondoka haraka zaidi, na akiondoka kwa hasira atakubali mkataba wowote atakaowekewa mbele.

Nimeangalia video mlizonitumia. Ana sikio. Yule mzee wa mtaani anayemwigiza hajamtoa kwa mtu mwingine, amemsikiliza mwenyewe, unajua kabisa anakaa nyumba ya pili kutoka kwenu. Ila nimeona jambo moja linalonipa wasiwasi: kila kichekesho kimekatwakatwa. Anasema neno, anakata, anasema jingine, anakata. Kwenye simu inapendeza. Mbele ya watu hakuna kukata. Kabla ya kuzungumzia kuacha chuo, mwambie asimame mbele ya watu wasiomjua, dakika saba, bila simu. Dar es Salaam kuna majukwaa ya wachekeshaji kama Cheka Tu, na hata hapo Morogoro vyuo vina usiku wa vipaji. Hakuna watu wagumu kama wanafunzi wenzake. Wakikaa kimya, asikimbie, amalizie. Kisha arudi tena na maneno yaleyale ayatengeneze. Atakaporudi mara ya pili na kile kimya bado kinamuuma, hapo ndipo utajua kama ana kazi au ana burudani.

Uhasibu asiuache. Sisemi hivyo kumfurahisha baba. Nimefanya kazi na vikundi vingi vyenye vipaji vilivyovunjika kwa sababu hakukuwa na mtu hata mmoja anayeweza kuandika kilichoingia na kilichotoka. Msanii anayejua kusoma hesabu za mtayarishaji na kuuliza "hii gharama ya usafiri mmeikata mara mbili?" anaheshimiwa meza nzima. Amalize, mwaka mmoja si mwingi. Baadaye akitaka kusomea sanaa yenyewe, Bagamoyo pale TaSUBa, chuo tulichozoea kukiita Chuo cha Sanaa tangu 1981, watamfundisha ngoma, uigizaji, muziki na mambo ya jukwaa kwa pamoja, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya sanaa. Ningekuwa mimi ningempeleka Bagamoyo, kwa sababu pale bado wanamlazimisha mwigizaji apige ngoma.

Mwambie pia anitumie kitu kwa anwani ya gazeti. Asitume video. Aandike kichekesho cha kurasa tatu, watu wawili tu, mahali pamoja, bila kukata. Yule mzee wa jirani awemo. Nitamsomea na kumrudishia na alama zangu kabla ya likizo yake kwisha, na baba yake akiwa tayari, wasomeane kwa sauti hapo nyumbani, yeye achukue nafasi ya mzee.